Daftari la amali la binti yangu limejaa hesabu ya kreti tu. Wazazi wa Rungwe, Njombe na Mufindi, kwenu ikoje?

MamaAmbwene (Tukuyu)

Habari zenu wakuu.

Nina binti kidato cha pili, shule ya serikali hapa Rungwe. Yuko mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi na kazi kwa vitendo, upande wa kilimo cha mazao ya bustani. Mwaka jana wazazi tuliitwa mkutano tukaambiwa kuna kampuni ya parachichi imekubali kuilea shule. Itajenga karakana, italeta miche, na watoto watafanya vitendo kwenye shamba lake badala ya kusomea kilimo ubaoni. Wanaokubali wanyooshe mikono. Mvua ilikuwa inapiga, tumebanana chini ya upenu wa darasa, kila mtu anataka kwenda zake. Nilinyoosha mkono.

Jumapili iliyopita nilikuwa natafuta karatasi ya kuwashia jiko nikashika daftari lake la vitendo. Naandika kama lilivyo:

Jumanne. Kuvuna. Kreti 11.
Alhamisi. Kuvuna. Kreti 14.
Jumanne. Kuvuna na kupakia. Kreti 13.
Alhamisi. Kupalilia. Mistari 6.

Kurasa nne ni hivyo hivyo. Hakuna mchoro, hakuna maelezo ya somo, hakuna tiki ya mwalimu. Nilipomuuliza akaniambia kikundi kikizidisha kreti 12 kinapewa soda.

Sipingi maendeleo. Karakana imejengwa kweli, bati za bluu, sakafu imesakafiwa vizuri. Jina la kampuni liko ukutani kwa herufi kubwa kuliko jina la shule. Ninachotaka kujua ni hiki: mtoto wangu anafundishwa au anafanyishwa kibarua? Na hii ratiba ya kreti kaipanga nani, wizara, mkuu wa shule, au kampuni?

Msafwa_wa_Uporoto

Mama, jibu unalo mkononi. Kibarua wa kuvuna anahesabiwa kwa kreti, na mwanao anahesabiwa kwa kreti. Kibarua jioni anapewa hela, mwanao anapewa soda. Msimu wa kuvuna ukifika kampuni inatafuta watu kila kona, halafu kuna watoto 80 wamevaa sare wanaletwa bure na mwalimu wao juu. Nani angekataa?

Kijana_wa_Kabwe

Nimekaa mbele kabisa kwenye huu uzi.

Mwl_Ilomba

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa jijini Mbeya, naomba nisikilizwe kabla hamjatuweka wote kapu moja.

Mtaala mpya ulianza Januari 2024. Kwenye amali unataka vitendo vingi kuliko nadharia, na hilo ni jambo jema, watoto wetu walikuwa wanamaliza kidato cha nne hawajawahi kushika bisibisi. Lakini shule nyingi zilipokea somo kabla ya kupokea vifaa. Nafundisha umeme. Nina wanafunzi 63 na multimita mbili, na moja kati ya hizo nimeinunua mwenyewe. Mtoto anashika kipimo dakika moja, anampa mwenzake, kipindi kimeisha. Akitokea mtu na karakana, kweli nimwambie asubiri kwanza nimchunguze nia?

Mkuu wa shule wa huyo mama hakuwa na uchaguzi mpana. Ama akubali shamba la kampuni, ama watoto wachore parachichi ubaoni.

Msafwa_wa_Uporoto

@Mwl_Ilomba pole kwa multimita. Lakini serikali si inatoa elfu kumi kwa kila mtoto kila mwezi? Zinakwenda wapi mpaka shule iwe omba omba?

Mwl_Ilomba

Kwa mwaka mkuu, siyo kwa mwezi. Shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sekondari ni 25,000. Na hapo kuna sehemu inabaki juu kwa ajili ya vitabu, haifiki shuleni. Gawa hiyo inayobaki kwa chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na michezo, halafu uniambie multimita inatoka wapi.

Msafwa_wa_Uporoto

Sawa, nimekosea kwenye mwezi. Asante. Ila kwenye kreti bado nipo.

Dada_Mafinga

MamaAmbwene shikamoo.

Huku Mufindi hatuna kampuni shuleni kwetu, lakini biashara ipo na ni ya karibu zaidi. Mwanangu yuko darasa la nne. Sweta lazima linunuliwe duka moja tu, ukinunua la rangi ile ile sokoni linarudishwa nyumbani. Jirani yangu alifuma sweta kwa mkono, limefumwa likafumika, na baridi ya Mafinga mwezi wa saba mnaijua. Mtoto alivuliwa mstarini. Mwenye duka na shule wana makubaliano ambayo mzazi hajawahi kuyaona.

Nasema hivi kwa sababu tunaogopa kampuni kubwa na kumsahau mfanyabiashara mdogo aliyeingia kupitia sare, masomo ya ziada na mitihani ya majaribio ya kununua. Huyo haweki hata jina ukutani.

Hesabu_Zangu

Nafanya kazi ya vitabu vya kampuni, si za parachichi. Nieleze upande ambao wengi hawauoni.

Kampuni inapotoa kwa shule inaweza kuwa na sababu tatu au nne kwa pamoja. Kuna nafuu ya kodi: Sheria ya Mfuko wa Elimu ya 2001 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Elimu Tanzania, na anayechangia kupitia utaratibu wake anapewa hati inayomsaidia kwenye kodi ya mapato. Kuna sheria: kampuni za madini, kwa mfano zile za Chunya, tangu marekebisho ya 2017 zinatakiwa kila mwaka ziwe na mpango wa kuwahudumia wananchi wanaozizunguka, na mpango huo ukubaliwe na halmashauri. Kuna jina zuri. Na kuna tozo ya ufundi stadi ambayo waajiri wanalipa kwenye jumla ya mishahara, mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Waajiri wanalalamika miaka yote kwamba wanalipa tozo ya kufundisha ufundi na bado wanapata vijana wasiojua kazi, kwa hiyo wameamua kwenda shuleni wenyewe.

Kwa hiyo sikubaliani na Msafwa kwamba ni kreti za bure tu. Vibarua wa kuvuna si gharama kubwa hivyo kwa kampuni inayosafirisha nje. Mtu hajengi karakana ya mamilioni ili aokoe hela ya vibarua wa siku mbili kwa wiki.

Msafwa_wa_Uporoto

Karakana inajengwa mara moja. Kuvuna ni kila mwaka. Piga hesabu tena, mtu wa hesabu.

DiwaniMstaafu

Nilikuwa diwani miaka kumi kwenye kata yenye mashamba makubwa. Nyote mnazunguka jambo lenyewe, nalo ni ardhi.

Kampuni ikitaka kupanua shamba lazima ikutane na kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 mkutano mkuu wa kijiji una sauti. Sasa wewe ni mwananchi, umeitwa kwenye mkutano wa ardhi, na pale mbele kuna bati za bluu ambazo mwanao anasomea. Utasimama kupinga? Nimeona kwa macho yangu mzee mmoja amesimama kuuliza mipaka ya shamba, wenzake wakamvuta koti: "Kaa chini, unataka wafunge karakana?"

MamaAmbwene chunguza kama kuna ombi la ardhi au la maji ya mto karibu na hapo. Kama lipo, hizo kreti ni jambo dogo.

Bwanashamba_Njombe

Salaam. Naona kampuni zinachinjwa na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimamia uvunaji, kwa hiyo naingia.

Parachichi haliivi likiwa mtini. Linakomaa mtini, linaiva baada ya kuvunwa. Ndiyo maana huwezi kumtuma mtu yeyote tu na ngazi. Lazima mvunaji ajue lipi limekomaa, akate kwa mkasi na kuacha kikonyo kidogo, asilinyofoe. Ukilinyofoa panabaki kidonda, kuoza kunaanzia hapo, na likifika Ulaya linatupwa, na kontena zima linatiliwa shaka. Ukomavu wenyewe unapimwa: unachukua nyama ya tunda, unapima uzito, unaikausha, unapima tena. Hiyo ni sayansi, na mtoto wa kidato cha pili anaiweza.

Kuhesabu kreti nako ni somo. Shamba lisilo na kumbukumbu halipati cheti cha kuuza nje. Mwanafunzi anayejua leo mti huu umetoa kreti ngapi, amekwisha kuwa bora kuliko wakulima wengi wa huku kwetu wanaouza parachichi kwa macho, dalali anaweka bei anayotaka.

Shida yangu ni moja: kwenye daftari alilolinukuu mama sioni namba ya mti, sioni daraja la tunda, sioni yaliyokataliwa ni mangapi na kwa nini. Hizo ni hesabu za msimamizi wa vibarua. Hapo nakubali kuna kasoro. Lakini inawezekana ni mwalimu hajui afundishe nini shambani, na siyo njama ya kampuni.

Kijana_wa_Kabwe

Bwanashamba umeongea vizuri mpaka nimesamehe kwamba unatokea Njombe na parachichi ni zetu Rungwe.

Bwanashamba_Njombe

Hass, parachichi la kuuza nje, inajua nyumbani kwake ni wapi. Nyie endeleeni na ndizi.

MamaAmbwene

Ndizi zetu mnazifuata wenyewe na Fuso, tuachieni.

Nawashukuru wote. Bwanashamba, umenigusa hapo kwenye daraja la tunda. Nimemuuliza binti jana usiku kama wanafundishwa kupima ukomavu. Anasema kuna dada wa kampuni mwenye kifaa ndiye anayechagua miti, wao wanaonyeshwa tu mti wa kuvuna. Mwalimu wao wa somo anakaa kivulini anasahihisha madaftari ya darasa lingine, kwa sababu ana vipindi vingi mno. Simlaumu.

Mzee_wa_Ifunda

Wanangu, hamjambo.

Nimesoma Ifunda Ufundi. Sisi wa zamani tunakumbuka shule za sekondari zilikuwa na michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Ifunda na Iyunga zilikuwa za ufundi, karakana za serikali, mashine za serikali, na mwalimu wa karakana alikuwa mwajiriwa wa serikali anayeijua lathe, mashine ya kukerezea vyuma, kama kiganja chake. Viwanda vilikuja kutuchukua tukiwa tumemaliza, havikutupangia tusome nini Jumanne na Alhamisi.

Kwa hiyo hili la amali si jipya. Kilichobadilika ni mwenye karakana.

Hesabu_Zangu

Mzee shikamoo. Lakini hata Mwalimu Nyerere alitaka watoto walime. Elimu ya Kujitegemea si ilikuwa jembe tupu? Mbona ile hatuiti utumikishaji?

Mzee_wa_Ifunda

Marahaba. Rudi ukasome andiko lenyewe la Machi 1967. Lilisema kila shule iwe na shamba au karakana yake, kinachopatikana kiwe cha jumuiya ya shule, na wanafunzi washiriki kuamua kitumike vipi. Shule ya msingi niliyosoma tulilima mahindi ekari tatu. Uji wa saa nne ulikuwa wa mahindi yale yale. Mwaka ambao hatukupalilia vizuri, uji ulikatika mwezi wa kumi na moja na tulijua sababu. Hilo lilikuwa somo. Sasa hawa watoto wakivuna kreti 14 badala ya 11, kwao kinabadilika nini zaidi ya soda?

Dada_Mafinga

Mzee wangu kwa heshima zote, mimi nimesoma msingi miaka ya 80 mwishoni na EK, hiyo Elimu ya Kujitegemea, kwetu ilikuwa kupalilia shamba la mwalimu mkuu na kuteka maji nyumbani kwake. Hakuna uji tulioona. Tusiipake rangi nzuri enzi ile.

Mzee_wa_Ifunda

Hilo nalo lilikuwepo binti yangu, sikatai. Andiko halikusema hivyo, watu ndio walifanya hivyo.

DiwaniMstaafu

Ndiyo hoja yangu. Iwe mwalimu mkuu, iwe kampuni, mtoto anafanyishwa kazi pale ambapo mzazi hana pa kuulizia.

Kaka_wa_Kyela_Ughaibuni

Niko Chicago mwaka wa kumi na mbili sasa. Nawaambia ya huku, maana naona mnakokwenda.

Huku matajiri waliingia kwenye shule za umma kwa hoja kwamba shule iendeshwe kama biashara: pima kwa mtihani, linganisha, inayoshindwa ifungwe. Wakaziunga mkono shule zinazolipwa na kodi ya wananchi lakini zinaendeshwa na taasisi binafsi. Mwaka 2013 jiji hili lilifunga shule karibu 50 kwa mpigo, nyingi mitaa ya watu weusi kusini na magharibi. Hapa mtaani kwangu kuna jengo la shule la ghorofa tatu, saa ya ukutani imesimama, miti imeota kwenye ngazi. Watoto walihamishwa wakawa wanavuka mitaa ya magenge kwenda shule nyingine.

Newark, mwaka 2010, Mark Zuckerberg alitangaza dola milioni 100 kwa ajili ya shule za mji ule. Alitangaza kwenye kipindi cha Oprah, na wazazi wengi wa Newark walipata habari hapo hapo kwenye televisheni kama sisi wengine. Mamilioni yakaenda kwa washauri. Wazazi wakachachamaa. Bill Gates naye kabla ya hapo alimwaga fedha nyingi kuvunja shule kubwa ziwe ndogo ndogo, baadaye mfuko wake wenyewe ukakiri matokeo hayakuwa waliyoyategemea, ukahamia mpango mwingine. Yeye alihama. Watoto waliokuwa darasani mwaka ule ndio hawakuweza kuhama.

Hesabu_Zangu

Mkuu uwe mkweli kamili. Newark watafiti walikuja kuona Kiingereza kilipanda.

Kaka_wa_Kyela_Ughaibuni

Kilipanda kiasi, ndiyo. Hesabu haikupanda kwa maana. Na wazazi hawakulalamikia alama, walilalamikia kwamba hawakuulizwa. Hayo ni mambo mawili.

Jirani_Busia

Mimi Mkenya lakini nafuatilia hapa kila siku. Kwetu Bridge walianza Nairobi 2009, shule za bei nafuu, mwalimu anasoma somo neno kwa neno kutoka kwa kompyuta ndogo. Wawekezaji wakubwa, hata huyo Zuckerberg na Gates walikuwemo. Uganda mahakama iliamuru shule zao zifungwe 2016. Liberia nao mwaka huo huo serikali ikakabidhi shule 93 za umma kwa waendeshaji wa nje. Watoto walisoma zaidi kweli, lakini gharama ikawa juu sana, na shule za Bridge zikapunguza idadi darasani, watoto wengine wakaambiwa watafute kwingine. Uliza mzazi wa yule aliyetolewa kama mageuzi yalifaulu.

Mwl_Ilomba

Jirani karibu sana. Lakini tofautisheni. Hizo ni kampuni zinazoendesha shule. Hii ya Tukuyu ni kampuni imejenga karakana. Mkiendelea kuchanganya mtawatisha hata wanaotaka kusaidia kwa moyo, na mimi nitabaki na multimita yangu.

Hesabu_Zangu

Naunga mkono. Na hata serikali ikishika kila kitu peke yake si salama. Kumbukeni vitabu. Tulikuwa na wachapishaji wengi wa kibiashara na chombo cha kuidhinisha vitabu, EMAC. Mwaka 2013 James Mbatia alichachamaa bungeni kuhusu ubora, EMAC ikavunjwa. Kazi ikarudi Taasisi ya Elimu. Mwaka 2017 Mbatia huyo huyo akainuka tena, safari hii na makosa kwenye vitabu vya Taasisi yenyewe.

Msafwa_wa_Uporoto

Ndiyo, lakini vitabu vya Taasisi tulijua wa kumuuliza. Waziri aliitwa bungeni akajibu. Huyu mwenye kreti anaitwa na nani?

Dada_Mafinga

Msafwa leo umesema neno.

Wakili_Kihesa

Nimechelewa. Mambo machache ya sheria.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14. Mwenye miaka 14 na kuendelea anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake na isiyovuruga masomo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema yale yale. Mtoto wa kidato cha pili wengi wana 14 au 15. Kwa hiyo swali la kwanza ni je, huku ni kuajiriwa au ni mafunzo? Kampuni itasema ni mafunzo, hakuna mshahara. Lakini ukihesabiwa kwa kipimo cha kazi na kuzawadiwa kwa kipimo hicho, hakimu anaweza kulitazama jambo hilo kwa jicho lingine. Kreti moja ina kilo ngapi? Hilo nalo muulizeni binti.

Pili, shule ya sekondari ina bodi. Bodi ina wajumbe, ina kumbukumbu za vikao. Kunyoosha mikono chini ya upenu hakufanyi mkataba. Lazima kuna karatasi. Nani kasaini? Iombeni kwa barua, nakala kwa ofisi ya mkurugenzi.

Kijana_wa_Kabwe

Mimi nilifanya mafunzo ya vitendo gereji moja hapa Mbeya miezi miwili. Wiki ya kwanza niliosha vipuri na dizeli, ya pili nikaosha vipuri, ya tatu nikaosha vipuri. Wiki ya nne fundi aliumwa, nikafungua gia boksi peke yangu kwa woga. Hiyo siku moja ndiyo inanilisha mpaka leo, nina gereji yangu Sido. Kwa hiyo sijui niseme nini. Kama nisingeosha vile vipuri nisingekuwepo siku fundi anaumwa.

Bwanashamba_Njombe

Kijana, umesema jambo ambalo mimi nimeshindwa kulisema kwa aya tatu.

Mzee_wa_Ifunda

Mjukuu wangu, lakini ungefundishwa gia boksi wiki ya kwanza ungekula mapema zaidi.

MamaAmbwene

Wakuu, nimerudi na mapya.

Kreti ikijaa ni karibu kilo 20, binti anasema wanabeba wawili wawili.

Juzi nilikwenda shuleni. Mkuu wa shule alinipokea vizuri, tena kwa unyenyekevu, akasema na yeye alihamia mwaka huu, makubaliano aliyakuta. Akanipa niyasome pale pale ofisini, akaniruhusu kupiga picha. Ni ukurasa mmoja. Kampuni itajenga karakana, italeta miche 200, itatoa mtaalamu "kadiri itakavyowezekana". Shule itatoa wanafunzi siku mbili kwa wiki wakati wa msimu. Mazao yote ni mali ya kampuni. Karakana itabaki na jina la mfadhili. Neno "somo" halimo. Neno "mzazi" halimo. Amesaini mwenyekiti wa bodi wa wakati ule, na mtu wa kampuni.

DiwaniMstaafu, nimeuliza na la ardhi. Mwenyekiti wa kijiji anasema hajui chochote. Mtendaji anasema kuna barua, hajasema ya nini.

Halafu kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme kwa haki. Nyuma ya nyumba nina mti wa parachichi wa kienyeji, mkubwa, nilikuwa nataka kuukata. Jumamosi binti alichukua wembe na kipande cha nailoni, akachongoa kikonyo, yaani kijiti cha mti mwingine, alichotoka nacho shambani, akapasua mche ulioota chini ya ule mti, akakichomeka, akafunga taratibu kuanzia chini kwenda juu. Alinishikisha kidole: "Mama, ganda na ganda lazima viguse, vinginevyo hakishiki." Mikono yake haikutetemeka. Nikamuuliza kafundishwa na nani kubebesha. Ni yule dada wa kampuni, siku moja mvua ilipowazuia kuvuna.

Siku moja. Kwa sababu ya mvua.

Mwl_Ilomba

Huyo dada mchukueni awe mwalimu.

Msafwa_wa_Uporoto

Au kampuni imwache afundishe Jumanne na Alhamisi, na kreti wabebe wanaolipwa. Mbona ni rahisi?

Hesabu_Zangu

Si rahisi mkuu, mshahara wa mtaalamu kwa siku hizo analipa nani? Shule haina fungu. Tunarudi kwenye zile 25,000.

Dada_Mafinga

Zamani Mufindi wananchi waliunda mfuko wao wa elimu wakajenga sekondari zao. Siku hizi ukitaja mchango mtu anakujibu elimu bila malipo tangu 2015.

Mwl_Ilomba

Waraka ulitoka 2015, utekelezaji Januari 2016. Lakini ndiyo, wazazi nao walipumzika. Kampuni ilikuta kiti kitupu.

DiwaniMstaafu

Mama, fuatilia ile barua. Nakusihi.

Wakili_Kihesa

Naomba kuuliza kabla hujaandika chochote: hayo makubaliano yana tarehe ya mwisho? Miaka mitano, kumi?

MamaAmbwene

Ngoja niangalie ile picha.

Haina. Kuna tarehe ya kusaini tu.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi saa nne asubuhi, nimeshawapitia majirani kumi na mmoja, saba wamesema watakuja. Wengine wanne wanaogopa karakana itafungwa.

Msafwa_wa_Uporoto

Mimi sina mtoto hapo lakini shangazi yangu anaye. Nitapanda Coaster ya asubuhi kutoka Uyole. Nitakaa nyuma, sitaongea.

Kijana_wa_Kabwe

Wewe? Usiongee?